Atelier Yako Nimeifungua, Papa

Papa,

Nimefungua atelier, karakana yako. Ni wiki ya tatu tu tangu tukuzike, matanga bado hayajaanuliwa, na ndugu zako wanasema mtoto anayegusa vyombo vya marehemu kabla ya kuanua anamnyima baba yake usingizi. Kama nimekuamsha, vizuri, maana nina maneno na wewe.

Siku ya pili baada ya maziko, Papa mukubwa Déo, kaka yako, alisimama mbele ya wote waliokuwa wamekaa kwenye mikeka akasema atelier itafungwa, na siku ya kuanua matanga atapewa shemeji yake aweke depo ya bia. Shangazi mmoja akauliza, na huyu binti aliyekuwa anafanya naye kazi? Papa mukubwa akacheka. "Huyu mutoto mwanamuke alikuwa anashikilia papa yake lampe tu. Atatengeneza nini?"

Unayajua maneno hayo ya kushika taa. Ni yako. Kila mteja aliponiangalia kwa wasiwasi ulimwambia hivyo hivyo, "Ananishikilia lampe tu," huku friji iliyo mbele yake nimeifungua mimi na kuifunga mimi. Uliogopa wangeondoka na vitu vyao. Miaka kumi na moja nilicheka pamoja nawe. Leo sicheki, Papa. Ulinificha, ukafa, na sasa ndugu zako wananipiga kwa fimbo uliyoichonga wewe.

Basi Jumanne akaja Maman Béa, yule wa restaurant ya njia ya Luano, na mashine yake ya kuosha vyombo juu ya mkokoteni. Hakuwa na habari kwamba umekufa. Alilia palepale mlangoni, halafu akataka kugeuza mkokoteni. Fundi wa mjini alikuwa amemwambia kadi ya umeme ndani yake imeungua, mashine itupwe. Nikamwambia aiteremshe. Akauliza fundi ni nani sasa. Nikasema ni mimi. Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa kinywa changu.

Nilianza ulivyokuwa ukianza wewe. Prizi yetu ya ukutani ilikuwa na umeme, tester ilionyesha. Waya wa mashine mzima, fyuzi nzima. Nikabonyeza kitufe: kimya, hata taa moja haikuwaka. Hapo ndipo Papa mukubwa alipotokea, nadhani jirani alimpelekea habari. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nakuambia ukweli, bisibisi ilinitoka mkononi mara mbili.

Nikachomoa waya, nikafungua ubao wa mlango. Nyuma ya kitasa kuna swichi ndogo. Mlango usipoibonyeza, mashine haipati umeme. Nikafunga mlango na kuipima: tester haikulia. Nikaibonyeza kwa kidole, ikalia. Kumbe swichi ilikuwa hai. Kilichokuwa hakiifikii ni ndoano ya mlango, imepinda.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: "Machine haisemake bongo. Uliza benye kutumika nayo." Mashine haisemi uongo, wanaoitumia ndio wanaojua; nikamgeukia mpishi aliyekuja na Maman Béa. Akaangalia chini. Umeme ukikatika kwao, na unakatika kila siku, mashine inageuka kabati. Wanaweka humo masufuria, sahani, na ule mwiko mkubwa wa kusonga bukari. Mwiko haukuenea, mlango haukufunga. "Nilisukuma na goti, mama," akasema. Alisukuma na goti miezi mizima! Maman Béa alimtazama kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo, halafu wote watatu tukacheka mpaka machozi. Nadhani ungecheka kutuzidi.

Nilinyoosha ndoano kwa koleo, nikarudisha ubao, nikachomeka. Taa ya kijani ikawaka. Maji yakaanza kuingia kutoka kwenye ndoo tuliyoiinua juu ya meza.

Papa mukubwa akasema ni bahati. Akasema pia bahati haibadilishi uamuzi wa ukoo. Ndipo nilipomwambia, mbele za watu, amwambie shemeji yake atafute paa lingine. Najua mtoto hasemi hivyo na baba yake mkubwa. Nilisema, na sijaomba msamaha. Ameapa hatakula meza moja na mimi. Asile.

Jana Mama aliniletea chakula mwenyewe. Akakaa kwenye kiti chako, akanitazama nikifanya kazi mpaka alasiri. Kabla ya kuondoka alifagia mlangoni, kama mtu anayengoja wateja. Nilipoona anafagia nilishindwa kuendelea, Papa. Nilikulilia kwa sauti, mtaa wetu mzima, huu uitwao Kenya, ulisikia, halafu nikashika tena bisibisi.

Sasa nakuaga, na nakupa ahadi ambayo hutaipenda. Siku ya kuanua matanga, ukoo wote ukiwa umekaa, nitasimama. Nitataja friji moja moja, pampu moja moja, niliyoitengeneza wewe ukipokea shukrani. Nitasema papa yangu alikuwa mtu mwema, alinifundisha kila alichokijua, na kuhusu mimi aliwadanganya ninyi wote. Itakuaibisha. Nivumilie, kama nilivyokuvumilia miaka yote ile.

Pumzika, Papa yangu. Siku hiyo nitajisemea mwenyewe.

Binti yako,
fundi