Baiskeli Aliyoniwekea Bashiru

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo miaka thelathini tangu niondoke Karagwe, nikavuka mpaka kurudi nchi ya wazazi wangu. Nimetia mafuta cheni za baiskeli zote saba. Ile nyeusi yenye breki za vyuma bado inalia gurudumu la nyuma. Sebuleni hakuna pa kuweka kiti. Dada yangu Verediana amepita ubavuubavu na chai: "Baiskeli saba, mpandaji hakuna." Kweli. Goti langu halikunjiki tangu mwaka juzi.

Natafuta ya nane.

Jumatano, 5 Februari

Fundi wa karibu na soko anasema ameiona Kanama, mlimani juu ya Mahoko. Ya Kiingereza, fremu ya vyuma viwili juu, taa ya dinamo. Kama yangu.

Yangu niliipanda miaka kumi na tisa, nikifundisha Karagwe. Siku ya kuondoka, kwenye lori ilibaki nafasi ya kitu kimoja: baiskeli au kasha la vitabu. Nikachukua vitabu. Baiskeli nikamwachia jirani yangu Bashiru. Niwekee, nikamwambia, nitakuja kuichukua. Sijaenda. Kwanza kazi, halafu mazishi, halafu goti.

Zote saba nilizokusanya zina kitu cha ile ya Karagwe. Hii kengele, ile siti. Verediana sijamwambia.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeharibu.

Basi dogo hadi Mahoko, kisha mlima kwa fimbo. Mwenye baiskeli ni mama wa umri wangu, Konsolata, mkulima wa viazi. Imesimama ndani, imefunikwa kitenge. Matairi yamejaa upepo. Ni aina ileile na yangu, hata rangi. Nikataja bei kabla sijakaribishwa kukaa. Akanitazama, akarudisha kitenge, akaenda shambani.

Verediana amecheka mpaka akaketi chini. Anasema kitu kama hicho hakinunuliwi mlangoni. Unakuja na urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Unakaa. Unauliza habari za mvua. Kisha unaomba, kama mtu anayeomba ng'ombe. Miaka thelathini hapa, bado najifunza adabu za kwetu.

Jumamosi, 8 Februari

Naitaka. Ni aibu, mzee wa miaka sabini na minne kutaka kitu namna hii.

Jumatatu, 10 Februari

Nimerudi Kanama na kidumu cha urwagwa. Konsolata amenipa kigoda. Tumeongea mvua, viazi, magoti yetu. Kiswahili chake ni cha Goma, chenye Kifaransa ndani. Zamani alivuka mpaka, pale Grande Barrière, kila asubuhi kuuza mboga. Kidumu kilipofika nusu, nikaomba.

Hakukasirika. Baiskeli ni ya mume wake. Alivuka kwenda Goma kutafuta kazi, akasema amwekee, anakuja. Kitinda mimba wao sasa ana mvi. Mume hakurudi, hakutuma neno. Kila Jumapili Konsolata anajaza upepo.

"Angesema tu harudi, ningeuza, ninunue mbuzi," alisema. "Lakini alisema anakuja. Bon, mi nifanye nini sasa, mwalimu?"

Nikamsimulia ya Bashiru. Labda ni pombe.

"Na huyo Bashiru iko anaipanda?"

Hapana. Binti yake alinipigia simu mwaka jana: iko ghalani, imefunikwa, baba hamruhusu mtu kuigusa.

Akanijazia kikombe. "Donc we na bwana yangu muko mutu moja."

Alicheka sana. Nami nikacheka, kwa shida.

Jumanne, 11 Februari

Mvua kutwa. Sikugusa baiskeli hata moja. Nimehesabu mara ngapi nimemwambia Bashiru "mwaka ujao". Nimeacha kuhesabu.

Jumatano, 12 Februari

Nimempigia Bashiru. Sauti yake imekuwa nyembamba. Kabla sijasema lolote akaniambia amepata matairi mapya, basi nifike wakati wowote nitakapo. Nikamwambia baiskeli ampe binti yake. Anafundisha shule ileile niliyofundisha, na anakwenda kwa miguu. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema siumwi, ila nilipaswa kumwambia zamani kwamba siji. Tukaulizana habari za ndizi. Mwishoni akasema siti itabidi ishushwe, binti ni mfupi.

Baiskeli mbili nimezihamishia barazani. Verediana ameleta kiti, ameketi.

Jumapili nitapanda Kanama na pampu yangu. Ya Konsolata inavuja. Siendi kuomba.

Karagwe sitarudi.