Nyuzi za Njeru, kuanzia upande wa pili

Jumanne, Kianjokoma. Ukungu tangu asubuhi, na baridi ile ya Julai inayoingia hadi kwenye mifupa.

Vidole vya mkono wa kushoto wa kaka yangu Njeru havitapata tena nguvu ya kubonyeza uzi wa gitaa. Hayo yamesemwa leo na mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye amekuwa akimshughulikia katika hospitali moja mjini Embu tangu alipopatwa na kiharusi mwezi wa Machi. Bega linaendelea vizuri, alisema. Kiwiko nacho kitasaidia. Vidole, tusitarajie.

Aliyasema mbele ya Njeru mwenyewe, kwa sauti ya kawaida. Katika kazi yangu ya uandishi wa habari nimeona watu wakipewa habari mbaya kwa njia nyingi. Hii ilikuwa mojawapo ya zile nzuri.

Njeru aliuliza swali moja tu.

"Na huu wa kulia?"

Mtaalamu akamjibu kwamba wa kulia hauna shida yoyote. Njeru akasema sawa, asante daktari. Mimi nilidhani ni adabu tu, swali la kumsaidia mwenzake amalize kuzungumza.

Tulipokuwa tunatoka mjini aliniambia nisimamishe gari mbele ya duka la vyombo vya muziki, nishuke ninunue nyuzi. Zile za zamani zimeshika kutu kwa unyevu wa huku, hakuna aliyezigusa miezi yote hii. Nikashuka nikanunua. Ningefanya nini? Nimwambie mtu aliyesikia kwa masikio yake kwamba hajasikia?

Nimekuwa nikiendesha gari kutoka Meru kuja hapa kila wiki, na kila wiki ninarudi nikiwa sijafanya kitu. Nampeleka, namrudisha, nauliza maswali na kuandika majibu. Hicho ndicho ninachojua kufanya.

Mimi kubadilisha nyuzi za gitaa nahesabu kama kuosha sufuria iliyoungua. Ncha za waya zinachoma, uzi mwembamba ukikaza kupita kiasi unakatika na kukurukia usoni, na ukimaliza, gitaa linapoteza sauti kila baada ya dakika chache hadi nyuzi zizoee. Njeru alinifundisha tukiwa wadogo kwa sababu nyumbani tulikuwa na gitaa moja na mimi ndiye niliyekuwa nikizikata.

Kwake ilikuwa raha. Jumamosi ya kubadilisha nyuzi, akishapeleka majani ya chai kituoni, alitoa stuli nje, akavua nyuzi zote sita na kupangusa mbao taratibu. Ukimwita kula alisema anakuja, na haji. Nilimuuliza mara moja raha iko wapi. Alisema ni siku hiyo pekee unapoweza kupangusa pale chini ya nyuzi, mahali vumbi linapojificha mwaka mzima.

Mkewe, ambaye sote tunamwita Mama Mugo, naye alikuwa na faida yake. Uzi mwembamba wa zamani ulikwenda dukani kwake, akautumia kukata miche ya sabuni. Wateja walijua Njeru amebadilisha nyuzi kwa kuona vipande vya sabuni vimekatika vizuri.

Leo alikaa kwenye kiti chenye mito, mimi kwenye stuli, gitaa mapajani mwangu. Mama Mugo alisimama mlangoni akikunja nguo. Nilikuwa nimemweleza jikoni aliyosema mtaalamu. Aliniuliza kwa nini basi nafunga nyuzi mpya. Nilimwambia sijui. Alisema hata yeye hajui, lakini nisiutupe ule mwembamba.

Nilivua zote. Nilipangusa pale chini. Vumbi lilikuwepo. Kisha nikaanza na uzi mnene, kama alivyonifundisha, nikauzungusha kwenye kigingi chake.

"Hiyo unafunga uzi ama unafunga mbuzi?" akauliza Njeru. Maneno yake bado yanatoka polepole tangu Machi, lakini dharau imerudi yote. "Mtu akikuona atasema umetoka soko la mbuzi la Kiritiri."

Nikamwambia mbuzi wa Kiritiri hawalalamiki hivi. Mama Mugo alicheka kidogo. Niliendelea kukaza.

"Na si hapo," akasema. "Toa. Huo mnene uende ule upande mwingine. Zote uzigeuze."

Nilimtazama. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya goti, na vidole vinne vilikuwa vikibonyeza kitambaa cha suruali kimoja baada ya kingine.

Mama Mugo aliacha kukunja nguo.

Kugeuza nyuzi, ili mkono wa kulia ubonyeze na wa kushoto upige, si kuzihamisha tu. Pale juu ya shingo ya gitaa kuna kipande cha plastiki chenye mifereji sita, mipana ya nyuzi nene na myembamba ya nyuzi nyembamba. Uzi mnene haukai kwenye mfereji mwembamba. Ni lazima mfereji usagwe kwa tupa. Plastiki ikishasagwa hairudi, na kipande hicho cha gitaa lake la zamani sijui kama kinapatikana popote.

Nilimweleza hayo kana kwamba hayajui. Nikasema tungoje mwezi mmoja. Nikasema wataalamu nao hukosea, na nimeandika habari kadhaa za namna hiyo.

"Marigu, umesikia alivyosema," akanijibu. "Leta tupa ya kunolea panga. Nitakuonyesha."

Mama Mugo ndiye aliyeileta.

Nilisaga. Ilitoka unga mweupe, mchache sana. Mfereji uliobaki mpana tuliujaza kwa kijiti cha kiberiti na gundi, yeye akielekeza, mimi nikikosea. Kisha nikazikaza zote sita, na yeye akawa anasema juu kidogo, shusha, hapo, acha. Masikio yake hayajaguswa na ugonjwa.

Mama Mugo aliuweka mkono wa kushoto wa Njeru juu ya nyuzi na kuufunga kwa leso ili usiteleze. Bega likasogea. Nyuzi zote zikalia kwa pamoja, na hilo lilikuwa sawa.

Vidole vya kulia ndivyo ambavyo havikujua kitu. Vilikuwa na nguvu yote, lakini vilitafuta mahali pa kushika kama mtu anayepapasa swichi katika nyumba ya wenyewe. Alijaribu wimbo mfupi wa kanisani ambao zamani angeupiga huku akizungumza na mtu mwingine. Haukutoka. Alijaribu tena. Haukutoka. Mama Mugo alisema anaenda kufunga duka, ingawa duka lilikuwa limefungwa.

"Darasa la kwanza," akasema Njeru, na akaanza upya.

Ni jioni sasa. Naandika haya mezani, naye bado yuko pale. Sijui kama nimempa gitaa au nimemharibia. Vidole vyangu vinauma. Mara mbili ameniita nikaze uzi uliolegea, na mara zote mbili niliondoka mezani haraka kuliko inavyohitajika.

Kliniki ijayo ni Jumanne, saa tatu asubuhi. Ameagiza gitaa liingie garini.