Barua ya Kujisifu

Jumatatu, 5 Machi 2007
Barua kutoka Carolina, Marekani, imefika! Kiwanda cha nguo cha kule kimejaribu chujio langu la mkaa wa pumba za mpunga. Rangi ya jinzi imenasa yote, maji yametoka maangavu. Wanasema viwanda vya Marekani nzima vinalihitaji. Macharia, wakili wangu Mkenya aliyeko Houston, amefurahi kuliko mimi. Anasema ili nikubaliwe kuhamia kule kama mtafiti, nithibitishe mambo mawili: kwamba kazi ina manufaa kwa taifa lao zima, na kwamba ni mimi niliyeifanya. La kwanza tayari. La pili ni barua ya Profesa Liang, mwalimu wangu hapa China. Faili inapelekwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Jumatano, 7 Machi
Hapa maabara mwanafunzi huiandika mwenyewe barua ya kusifiwa, mwalimu anatia saini na muhuri mwekundu. Nimeandika kwa adabu zote. "Chini ya uongozi wa Profesa tulifanikiwa…" "Hafidha alisaidia…" Ametia saini bila kuisoma. Nimeituma Houston.

Ijumaa, 9 Machi
Macharia kapiga simu. Hakupaza sauti, lakini nilitamani ardhi ipasuke.
"Dada, kwa barua hii wewe ni mtu wa kuosha chupa. Wakilitaka hilo chujio, watamwita profesa."
Miaka mitatu! Pumba nimechoma mwenyewe. Maji ya mtaro nimeyafuata Xintang, mji wa viwanda vya jinzi, kwa basi, nikarudi na kucha za buluu. Kisha nikajiandika msaidizi, kwa mkono wangu mwenyewe. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Jumapili, 11 Machi
Nimemweleza Swalha ninayeishi naye. Yeye wa Dar, anapeleka jinzi nyumbani kwa kontena. Nikamwambia mama kanilea hivyo: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kacheka mpaka kakaa chini.
"Shoga, chajiuza kwa aliyekiona. Hao wamekuona wapi?"
Akanisimamia kama fundi. Kila "tulifanikiwa" ikawa "Hafidha aligundua". Ukurasa wa kwanza niliona haya. Wa pili — Mungu anisamehe — niliona raha. Hakuna uongo hata mstari mmoja. Nimeisoma mara tatu. Huyu mwanamke ni hodari!

Jumanne, 13 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya ofisi ya Profesa.
Safari hii amesoma. Neno kwa neno, kalamu mkononi. Alipofika "wazo lilikuwa la Hafidha peke yake", akasita. Akauliza, kwa upole, kama ile ya kwanza aliyoitilia saini ilikuwa ya uongo. Nikasema hapana, ilikuwa adabu.
"Na hii?"
"Hii ndiyo kweli, Mwalimu."
"Niwie radhi" ilikuwa mdomoni, nikaimeza. Akaniambia nisubiri nje.
Nusu saa sasa. Sijajuta. Nilisema nikimtazama usoni, mimi niliyekuwa nikizungumza naye macho yakiwa kwenye viatu.
Katibu wake katoka. Profesa anataka daftari za maabara za 2004, zile za mwanzo kabisa. Nimekwenda kabatini nikamletea zote saba. Amefungua moja palepale, akaniuliza mwandiko huu wa nani.
Wangu. Kila ukurasa.