Shujaa Aliyerudi kwa Miguu

Jumamosi jioni, Nyamira

Filamu ya pili imeishinda ya kwanza, na nitabishana na yeyote.

Katika ile ya kwanza, shujaa mwenye nguvu za ajabu alichomewa kijiji, akalia kidogo, kisha akaruka kwenda kuokoa jiji la wengine. Tena kulikuwa na busu, nikalazimika kutoka nje, maana mwanangu alikuwapo, na kwetu baba na mwana hawatazami mambo hayo pamoja. Mwisho wake nilisimuliwa tu.

Leo, Sabato ilipokwisha, mjukuu wangu Kwamboka ameweka ya pili. Hakuna busu. Shujaa hawezi tena kuruka, kwa hiyo anarudi kijijini kwa miguu na kuanza kujenga juu ya majivu. Nimeketi hadi mwisho.

"Sokoro, unalia?" Kwamboka ameniuliza, akiniita babu kwa Kigusii.

"Ni moshi wa jikoni."

"Babu wewe! Si tunapikia gesi?"

Baba yake, mwanangu Nyabuto, hakucheka. Anataka nitie sahihi ili shamba letu la Bonde la Ufa, tulikofukuzwa na nyumba yetu ikachomwa katika ghasia za uchaguzi, liuzwe.

"Tata, baba yangu, hakuna anayerudi kule," amesema tena, kwa upole.

"Hata huyu aliambiwa hivyo," nikamjibu, nikionyesha runinga.

Naogopa, sitajidanganya. Magoti ni mabovu, na majirani wa kule sijui watanipokeaje. Pengine nitafika nitazame msingi tu, halafu...

Lakini karatasi nimemrudishia bila sahihi. Nyuma yake nimechora nyumba ya vyumba vitatu, mlango pale pale ulipokuwa.