Kwa Fundi Baridi: Mkeo Bado Anamwonea Wivu Yule Dereva

Mwaka umezunguka, Fundi Baridi, tangu ulipotutoka. Mafriji ya mtaa mzima bado yanakutafuta. Watu wanabisha hodi na nyama inayoanza kuharibika. Tukiwaambia, wanashika vichwa na kusahau kilichowaleta.

Tunakumbuka ulivyokuwa ukiongea na mashine. Ulilaza sikio mgongoni mwa friji ukasema, "Haya mama, unaumwa nini?" Jirani yetu mjane ulimtengenezea lake bure, kisha ukamwomba chai ili asijione amesaidiwa. Nguo zako zilinuka gesi na sabuni. Mkeo alilalamikia harufu hiyo kila siku. Shati lako la mwisho amekataa katakata kulifua.

Maana mkeo, unamjua, ana wivu. Ulimtania kwamba anayaonea wivu hata mafriji, kwa vile unayakumbatia ukiyashusha garini. Alicheka. Lakini wivu uliomjia baada ya ajali hakuucheka.

Ulikuwa umesimama kwenye taa nyekundu, pikapu yako imebeba friji la mteja. Lori la saruji likakuvaa kwa nyuma, breki hazikushika. Ulitolewa ukiwa hai, nyonga na mbavu zimevunjika. Wiki hiyohiyo dereva wa lori akaja wodini, akasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Sisi tulitaka kumfukuza. Wewe ukasema, "Mwacheni akae. Na yeye hajalala."

Akakaa. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka akawa mtu wa pale. Mkeo akifika na supu anawakuta mmeinamiana mnanong'ona. Akiingia tu, kimya. Akikuuliza unaendeleaje, unajibu, "Sijambo, mama watoto." Akigeuka kuosha kikombe, minong'ono inaanza upya. Roho ilimuuma. Siku moja alimvuta dada yako kwenye korido.

"Wifi, huyu mwanamume amenivunjia mume, na sasa ananichukulia kilichobaki!"

"Tulia, wifi. Wanaongea mambo ya magari."

"Magari gani ya kunong'ona?"

Akaja pia mtu wa bima ya lile lori, tabasamu sikio hadi sikio, akitaka usaini upesi mambo yaishe. Mkeo ndiye aliyesimama kati. Alikwenda kumtafuta wakili, mama mmoja asiyepoteza maneno, akamleta hadi kitandani kwako.

"Usisaini chochote kabla madaktari hawajajua umeumia kiasi gani," wakili alikwambia. "Mwenye lori anawajibika kwa breki za lori lake. Na haki hii haizikwi. Hata usipokuwepo, familia yako itaidai."

Uliitikia kwa kichwa, kisha ukamtazama dereva, si mkeo. Hilo hakulisahau.

Ukaja kuondoka asubuhi moja, damu ilipoganda na kupanda mapafuni. Mkeo alikuwa bado njiani. Aliyekushika mkono ni dereva. Hata hapo alimtangulia! Msibani mkeo alimpa mgongo.

Kesi ikafika. Wakili wa kampuni yenye lori alidai taa zako za nyuma hazikuwaka, na kwamba ulisimama ghafla. Dereva akaitwa kutoa ushahidi, mwajiri wake akimkazia macho kutoka mstari wa mbele.

"Alikuwa amesimama, taa zake zinawaka," akasema. "Breki nilizilalamikia kwa bosi asubuhi ile. Akaniambia niendeshe au niache funguo."

"Marehemu ndiye aliyekutuma useme hivi?"

"Hakuniomba kitu. Alikuwa akiniambia anaogopa kufa. Mimi alinipa woga wake, ili mkewe akifika akute uso mzuri."

Mkeo alisimama akatoka nje.

Mahakama iliona kampuni ina kosa, ikaiamuru itulipe fidia. Dereva akafukuzwa kazi. Tulidhani sasa mkeo atalainika. Wapi! Alimngoja kwenye ngazi za mahakama, akamzuia njia.

"Woga wake ulikuwa wangu," akamwambia. "Watoto walipougua tuliogopa pamoja. Kodi ilipopanda tuliogopa pamoja. Kwa nini huu akupe wewe?"

"Sijui, dada."

"Basi njoo nyumbani uniambie yote. Usibakishe hata neno."

Siku hizi huja Jumapili baada ya chakula. Mkeo humkalisha mezani na kumwambia aanze. Akisema ulilia, anauliza ulilia vipi. Akisema ulicheka, ananuna. Juzi maneno yalimwishia yule bwana, akasema hana jipya. Mkeo akavuta kiti karibu.

"Rudia tangu mwanzo," akasema. "Na safari hii taratibu."

Tunaokulilia ni mama yako mzazi, mkeo, mabinti zako pacha, dada yako mkubwa, na shemeji zako wote. Pia dereva, ambaye mkeo amekubali atajwe hapa, mradi awe wa mwisho.

Hakuna siku utakayotutoka moyoni.