Jirani Aliyeulizwa Kama Amelala

Mdogo wangu Tusekile,

Kosa la wengi wanaozungumza na marehemu ni kumsimulia msiba wake: nani alikuja, nani alilia, nani alichelewa. Wewe huna haja na hayo. Unataka kujua jambo moja tu, kama Lusajo wako bado yuko masomoni kule Berlin. Nitafika hapo. Ila unanijua kaka yako. Nilifundisha Iringa miaka mingi, siwezi kujibu swali bila kupitia ubaoni.

Tulipokuzika, safari ya Lusajo ilishindikana, mtoto akakuaga kwa simu iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu. Wiki chache baadaye akanipigia. "Mjomba, nimeshafunga begi. Narudi nyumbani. Masomo basi." Nikamweleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea: uhandisi wa maji, faida zake, na jinsi ulivyohangaika na magunia ya mchele kutoka Chimala ili yeye asome. Akasema, "Sawa, mjomba." Naijua sawa hiyo. Ni ya mwanafunzi anayetazama dirishani.

Usidhani ni baridi iliyomshinda. Baridi anaicheka: "Kule Mbeya tunajisifu bure, mjomba, baridi yenyewe iko huku." Kilichomshinda ni ukimya. Saa kumi jioni giza limeshaingia. Kwenye treni watu wamebanana, na hakuna anayemwamkia mwenzake. Anasonga ugali wa unga wa ngano usioshikana, anaula amesimama, maana akiketi mezani peke yake... basi. Siku moja aliniambia, "Leo hakuna aliyenisemesha isipokuwa mashine ya tiketi."

Sasa sikiliza. Kwenye mlango unaotazamana na wake anakaa mama mmoja mzee, mjane. Tangu alipohamia pale, Lusajo alikuwa akimwamkia kama ulivyomfundisha. Sisi Wanyakyusa asubuhi tunamuuliza mtu kama amelala: ugonile. Binti yako akalichukua neno hilo, akalitafsiri hivyo hivyo kwa Kijerumani. Kila asubuhi kwenye ngazi, kwa adabu zote, magoti yamekunjwa kidogo: "Umelala?"

Yule mama akadhani anashtakiwa! Kwamba redio yake inamnyima mtoto wa watu usingizi. Akaipunguza sauti. Kesho yake akaulizwa tena. Akaanza kutembea na soksi ndani kwake. Kesho yake, swali lile lile. Mwishowe, wiki ile ile ya begi, akagonga mlango ameshika keki: "Binti, nisamehe. Nimezima kila kitu. Niambie ni kelele gani iliyobaki."

Walipoelewana walicheka mpaka wakakaa chini kwenye ngazi. Halafu Lusajo akalia. Mama yule akamuuliza kulikoni, naye akamweleza habari zako. Tangu ufe hakuwa amelitaja jina lako mbele ya mtu yeyote wa kule. Yule mama hakumwambia ajikaze, Tusekile. Alimuuliza ulikuwa unapika nini. Jumapili wakapika pamoja wali na maharage, wali ukaungua, wakaula hivyo hivyo. Sasa kila Jumapili wako pamoja, na bibi wa watu anamwamkia kwa Kinyakyusa, matamshi yake Mungu mwenyewe anajua.

Jana Lusajo alinipigia simu ya picha, mbio mbio, anawahi maabara. Nyuma yake nikaliona begi, limepandishwa juu ya kabati, limesinyaa, halina kitu. Nilijua nikianza kueleza nitaharibu. Akasema mwenyewe: "Mjomba, nimalize kwanza. Nikija, unipeleke kwa mama."

Umesikia? Anamaliza.

Nakuahidi. Siku atakayotua uwanja wa ndege wa Songwe hatutapita kwanza nyumbani Ilomba kunywa chai. Tutakwenda moja kwa moja kaburini, akaweke udongo wake kama anavyoweka kila aliyekosa mazishi, alie mpaka atosheke. Nitakuwa nimemshika mkono, na nitajitahidi nisieleze chochote.

Kwaheri, mdogo wangu. Najua tabia yako. Mtoto akiwa mbali na nyumbani ulikuwa huthubutu kufunga mlango, unakaa unasikiliza barabarani. Leo ufunge, upumzike.