Sura ya Mwisho ni Yangu, Yasinta

Yasinta,

Jumamosi mnadani mama mmoja alikiinua kitabu changu, akakigeuza, akasoma maneno ya nyuma, akakunja uso kidogo kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. Akakirudisha mahali pake kwa adabu. Kisha akaniuliza, "Na kile cha yule marehemu, kimeshatoka?" Nikamwambia bado. Akasema atasubiri, akaenda zake kwenye mitumba. Umekufa, Yasinta, na bado unanichukulia wateja.

Nakuandikia nikiwa na wivu, nakuambia mapema ili usitafute kitu kingine humu ndani. Machozi niliyamaliza msibani, na yalikuwa ya kweli. Nililia mpaka ndugu zako wa Maretadu wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Lakini wivu haukushuka kaburini pamoja na wewe. Umebaki nyumbani kwangu, unakula na kulala.

Nikupe habari za huku. Barakoa zimekwisha, hakuna tena anayevaa, hata zahanati. Ile ndoo ya maji tiririka mliyoifunga pale mlangoni kwenu, mumeo Baba Furaha anamnyweshea ndama. Furaha yuko kidato cha kwanza na amekuwa mrefu kuliko mimi. Mama mkwe wako yupo. Yule tuliyekuwa tunamlinda, Yasinta, yupo, anakohoa kikohozi chake kilekile na anawafokea kuku. Wewe uliyekuwa unapanda mlima na debe la maharage kichwani huku unaongea, wewe ndiye uliyeishiwa pumzi. Sijui nimkasirikie nani kwa hilo, kwa hiyo nakukasirikia wewe.

Nakumbuka ilivyoanza. Shule zilifungwa, na kwa sisi tuliojichapishia vitabu wenyewe, shule ndizo zilizokuwa soko. Hakuna tena kupanda bodaboda na boksi mapajani kwenda kumbembeleza mwalimu mkuu atupe dakika chache za paredi. Vitabu vyangu vilikaa chini ya kitanda, panya wakavifungua kabla ya wasomaji. Wewe hukuwa na shida hiyo, maana vyako vilikwisha kabla hata ugonjwa haujafika Mbulu. Uliniambia jambo hilo kwa sauti ya kunionea huruma. Sijasahau hiyo sauti.

Kisha Baba Furaha akapiga marufuku wageni kwa ajili ya kifua cha mama yake. Bibi mwenyewe wala hakushangaa. Alisema hiyo ni metimani, wazee wake waliijua tangu zamani, mtu anakaa kwake na kikombe chake mpaka mambo yaishe. Lakini mimi na wewe tulikuwa na desturi yetu ya kusomeana kila tulichoandika, jikoni kwako au jikoni kwangu, na mwandishi asiye na mhariri wala kampuni akikosa mtu wa kumsomea, anabaki anaongea na sufuria. Nikadhani kazi imekufa. Wewe ukatoka na daftari, ukasimama upande wako wa korongo, ukapaza sauti, "Vero, unanisikia?"

Nilikusikia. Endagikot nzima ilikusikia.

Tukawa tunangoja ukungu uondoke, baada ya chakula cha mchana, wewe unasoma kutoka kwako na mimi nasoma kutoka kwangu, korongo katikati. Ulikuwa msimu wa kupukuchua mahindi. Wiki za mwanzo watu walikaa kwenye maturubai yao, kila mmoja kwake, masikio wazi. Baadaye nikaona maturubai yanasogea. Mwishowe kando ya korongo kulijaa watu wameketi mbali na wenzao, wanapukuchua, wanakusikiliza wewe na yule Martina wako, mjane ambaye shemeji zake wanalitaka shamba. Ulipofika pale wanapomng'olea uzio, mzee mmoja alisimama akatukana.

Zamu yangu ikifika, ghafla kila mtu anakumbuka ng'ombe. Niambie, Yasinta, ng'ombe gani wanarudi zizini saa nane mchana? Walikuwa wanakung'uta nguo zao taratibu, wanajifanya wanasikiliza huku wanaondoka, na mimi nasoma kwa sauti zaidi na zaidi ili niwapate migongoni. Ukawa unanipigia simu jioni kunifariji. Siku moja ukasema, "Watu wako wa hadithini wanafikiri mno, Vero. Wape kazi ya kufanya." Sikulala vizuri. Asubuhi nikawapa jembe, na ile sura ikawa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Vijana wakawa wanakurekodi kwa simu. Sauti yako ikafika Endasak kabla yako. Kuna mtu wa huko alinipigia, nikafurahi, nikadhani nimepata msomaji. Alikuwa anaomba namba yako.

Halafu ugonjwa ukarudi mara ya pili, na watu wakaanza kusema "changamoto ya kupumua" bila kusema jina. Ulijifukiza nyungu, ulikunywa tangawizi na malimao mpaka ukanitania kwa simu kwamba umekuwa achari. Kesho yake simu alipokea Baba Furaha. Daftari lako lilikuwa limefika pale Martina anaposimama mnadani Katesh na ng'ombe wake wa pekee, anatakiwa kuamua amuuze au la. Uliandika, "Martina akaishika kamba ya ng'ombe, akamtazama mnunuzi usoni, akasema". Hapo ndipo mwisho. Hakuna hata nukta.

Karibu na misa ya kumbukumbu yako, mume wako alinijia. Aliniomba niimalizie hadithi ili isomwe siku hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekujua kwa kalamu. Nilikubali kwa heshima, hivyo ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeitamani hadithi ile tangu siku ya kwanza, kama mtu anavyotamani shamba la jirani lenye maji.

Niliandika, uji ukaungua, mtoto akalala bila kuoga. Martina wangu alimwambia yule mnunuzi kwamba ng'ombe huyu haendi popote. Akageuka naye, akapanda njia yote ya mlimani kwa miguu, akafika kwake jioni, akaufungua ule uzio mpya wa shemeji zake mti mmoja mmoja, wao wamesimama wanamtazama, akamwingiza ng'ombe. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile. Najua, na wewe ungejua, na ungekaa kimya kidogo kabla ya kunisifu.

Siku ya misa watu walijaa uwanjani kwenu. Baba Furaha alisema tu kwamba sasa tutasikia mwisho wa kitabu cha mama Furaha. Sidhani alificha kwa makusudi, alikuwa na huzuni na wageni wengi. Nikasimama mlangoni pako, nikasoma. Hakuna aliyekumbuka ng'ombe. Wanaume walijifuta macho kwa kofia. Katekista akasimama akasema Yasinta ameondoka na kipaji chake, hatutaona tena mtu wa kuandika hivi. Mama mmoja akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kuwasomea vizuri. Kuwasomea! Nikamwambia karibu. Utasimamaje katikati ya msiba wa watu useme hayo ni yangu?

Nilipoingia ndani kumuaga Bibi nikampa shikamoo. Akaitikia, akanishika kifundo cha mkono, akanivuta. Akasema, "Ile ya mwisho ni yako. Mke wa mwanangu asingemrudisha yule mwanamke. Angemuuza ng'ombe, angepanda basi."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema ananijua, alinisikiliza msimu wote ule, kila siku, mpaka mwisho. Yasinta, moyo wangu ulijaa. Nikathubutu kumuuliza kwa nini yeye alibaki wakati wenzake wote walikuwa wanaondoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Miguu," akasema. "Ningeenda wapi?"

Huyo ndiye msomaji wangu. Nilicheka njia yote mpaka kwenye korongo, na pale nikakaa chini nikalia, kwa sababu alichosema kuhusu wewe kilikuwa kweli. Nilikijua hata nilipokuwa naandika. Sijui ungempa Martina maneno gani, lakini hayakuwa yale. Wewe hukuwahi kumrudisha mtu mahali alipoumizwa. Mimi ndiye nisiyeweza kumwacha mtu aende.

Basi, Jumapili baada ya kanisa Baba Furaha akaja kwangu. Ndugu wamechanga, kitabu chako kinapelekwa kuchapwa Arusha wiki hii. Mama yake alikuwa ameshamwambia kwamba watu wanadhani ule mwisho ni wako, na kwamba wewe usingeumaliza hivyo. Hakukasirika. Alikaa pale nje, akazungusha kofia yake mikononi, akaniambia Furaha ameukariri ule mwisho, anautamka kabla ya kulala. Halafu akasema, "Shemeji, jina lako tukiliweka, watoto watajua mama yao hakumaliza. Tusipoliweka, wewe ndiye utakayejua. Niambie nifanye nini." Nikamwomba anipe siku chache.

Siku hizo nimeziishi vibaya. Nilipomfikiria msomaji anakirudisha kitabu changu mezani kisha anakumbatia ukurasa wangu wenye jina lako, nilisikia joto masikioni. Nilipowaza jina langu liwekwe dogo chini ya lako, kwamba nimemalizia, nilijiona kama fundi aliyeitwa kupiga plasta nyumba ya mtu. Nikajaribu pia kuwa mwema. Nikajiambia mwachie rafiki yako, maiti hana kingine. Nilikaa mwema tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, nikachoka.

Leo nimekwenda kwenu. Nimemwambia mume wako kwamba sura ile naichukua. Kitabu chako kiishie pale ulipoishia. Akasema watu watalalamika. Nikasema walalamike. Akaniomba nimwambie Furaha mwenyewe, yeye hawezi.

Furaha alilia, Yasinta, na aliniangalia kwa macho ambayo nitayastahili kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mama aliishia wapi?" Nikamfungulia daftari. Akasoma ule mstari, akaweka kidole baada ya neno la mwisho, pale penye weupe, akakaa nacho hapo. Nikangoja anichukie vizuri. Akasema taratibu, bila kuniangalia, "Mama angemuuza." Akalifunga daftari, akaondoka nalo chumbani kwake.

Sura yangu ninayo hapa. Yule mwanamke nimempa jina lingine na shemeji wengine. Itakuwa sura ya kwanza ya kitabu changu kipya, mwanamke anarudi nyumbani na ng'ombe wake jioni, na sasa natakiwa kujua kesho yake ataamka afanye nini. Nitampa kazi, usiniambie.

Ila sijidanganyi. Najua nimefanya nini. Watu watafika kwenye lile neno lako, watafungua ukurasa unaofuata, watakuta hakuna kitu, na kila mmoja atakaa na Martina wake mpaka uzee. Watagombana juu yake vilabuni na kwenye mashamba. Watakupenda kuliko ambavyo wangekupenda kama ungemaliza, na hakika kuliko ambavyo wangekupenda kama ningekumalizia. Nimekunyang'anya mwisho mzuri kwa roho mbaya, na kumbe nimekuachia ulio mzuri zaidi. Hata hapa umenishinda, na safari hii nimekusaidia mwenyewe.

Pumzika, mwenzangu. Nakukosa hata ninapokusengenya, na hakuna mwingine ninayeweza kumwonea wivu kwa raha hivi. Kitabu chako kikitoka nitakiuza mimi, sitamwachia mtu. Nakuahidi na jambo moja jingine, gumu kuliko yote niliyowahi kukufanyia. Watu wataniuliza Martina alisema nini, kwa kuwa wanajua nilikuwa rafiki yako. Watanibembeleza. Nitawaambia sijui. Nitawatazama usoni na kuwaambia sijui, Yasinta, na jibu ninalo, na ni zuri.

Veronika